Waliojiunga Njiani

Jioni ile nilishuka basi Al Quoz, mtaa wa maghala, kwenda kuchukua koti la mdogo wangu, Shem. Shem mwenyewe tulikuwa tumeshamzika. Au niseme wenzangu nyumbani walimzika. Mimi nilitazama kwenye simu, mtandao ukikatika kila mchungaji alipofungua mdomo.

Naitwa Metrine. Kazi yangu ni kutembeza wageni katika mji mkongwe wa Dubai, hasa wale wanaofika mara ya kwanza na kutembea wakitazama juu hadi wanajikwaa. Ni kazi ya miguu na maneno, na maneno sijawahi kukosa. Pia nimeokoka. Nayasema haya mapema ili usinichukulie kuwa mtu wa kuona majini kila taa inapozimika. Wasichana ninaolala nao chumba kimoja hupenda kusimuliana habari za mapepo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wapunguze kula usiku.

Sasa hivi wakianza kusimulia, natoka nje.

Shem alikuwa mlinzi wa ghala. Mchana mmoja wa joto kali alikaa chini nyuma ya ukuta apumzike kidogo, na hakuinuka tena. Moyo, walisema. Mwili ukasafirishwa, akalazwa kando ya baba, tukadhani yameisha. Kisha mama akaanza kumwota. Kila akifumba macho alimwona Shem amesimama kando ya barabara kuu, amevaa sare ya kazi, anawauliza wapita njia njia ya kwenda kwao, na hakuna anayemjibu. Mama akaacha kulala. Baadaye akaacha kula. Siku moja nilimpigia simu ya video nikaona shingo yake ilivyokonda, nikasingizia kazi, nikakata, nikaenda kulia chooni.

Ndipo shangazi Everlyn aliponitumia ujumbe wa sauti. Shangazi ni mtu ambaye hata mchungaji habishani naye. Alisema mwili wa Shem ulifungiwa sandukuni ukapakiwa kama mzigo, lakini Shem mwenyewe hakuna aliyemwambia anakwenda wapi. Yuko huko huko. Ukoo wetu una namna yake kwa mtu aliyefia mbali. Ndugu yake wa tumbo moja humfuata pale alipoangukia, akiwa na nguo ambayo marehemu aliitolea jasho. Humwita kwa jina, kisha humwongoza, akimwambia kila kona: sasa tunageuka, sasa tunapanda gari, sasa tunashuka. "Usisimame njiani," alisema shangazi. "Usigeuke nyuma. Usizungumze na mtu mwingine. Mtoe hapo, umfikishe kwa msafiri, basi."

Msafiri alikuwepo. Binamu yetu Peninah alikuwa amemaliza mkataba wake hotelini, na ndege yake ilikuwa inaondoka usiku huohuo. Mimi niliomba ruhusa nikanyimwa. Basi Peninah angepakata koti hadi nyumbani, bila kusema neno juu yake, na shangazi angesubiri langoni na maji. Sehemu yangu ilikuwa kutoka Al Quoz hadi uwanja wa ndege tu.

Nilikubali kwa ajili ya mama. Kama kubeba koti kungemfanya ashike kijiko tena, ningelibeba kwa miguu hadi milima ya Hatta.

Zedekiya, Mganda aliyelinda ghala lile pamoja na Shem, alinipokea getini na mfuko wa plastiki. Koti lilikuwa ndani, la buluu, lenye mistari ile inayong'aa ikipigwa na taa. Sikulinusa kwa kusudi. Harufu ilinijia yenyewe. Dawa ya kuchua, jasho, na maboksi. Shem alijipaka dawa ya kuchua tangu shule ya msingi, akiumwa asiumwe. Nikashika geti.

Zedekiya alinipeleka nyuma. Jua lilikuwa limeshazama na anga ilibaki na rangi ya vumbi. Juu ya ukuta mashine za kupoza hewa zilikuwa zinanguruma, maji yake yakidondoka kwenye kokoto.

Tone... tone... tone...

Alinionyesha pale kwa kidevu, kisha akarudi nyuma kama mtu aliyefika karibu na moto.

"Mwite yeye tu, nyabo," alinong'ona. "Jina lake, na la baba yake. Hapa hawako wachache."

"Kina nani?"

Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye majengo ya kambi za wafanyakazi, madirisha yamejaa nguo zilizoanikwa. Alisema tu nimwite, tuondoke, nisizunguke-zunguke.

Nilishika koti kwa mikono miwili. Nilijiona mjinga. Nikamwita hivyo hivyo.

"Shem, mwana wa Gibson. Ni mimi, Metrine. Inuka twende nyumbani, mama anakungoja."

Mashine zikanguruma.

Kisha yale matone yakanyamaza.

Nyuma yangu, kwenye kokoto, buti likakanyaga. Mara moja. Hatua nzito, ya mtu aliyekaa muda mrefu na miguu imekufa ganzi. Zedekiya alijipiga ishara ya msalaba, akanielekeza barabarani kwa mkono, bila sauti.

Sikugeuka.

Kwenye basi nilitia visikizio masikioni ili watu wadhani niko kwenye simu. "Shem, tunapanda. Shem, tunakaa dirishani." Watu walisimama wamebanana, lakini kiti cha pembeni yangu hakuna aliyekikalia. Mtu akikisogelea, alikitazama, akaenda kusimama mbele. Bega langu la kushoto lilikuwa na baridi, na ile harufu ya dawa ya kuchua ilikuwepo, karibu, kama alivyonukia tukigombania blanketi utotoni.

Nilitarajia kuogopa. Nilichohisi ni furaha. Nasema ukweli, nilifurahi hadi nikacheka peke yangu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Shem alikaa Dubai na Dubai hakuiona. Siku yake ya mapumziko alifua, akalala, akaitwa kushika zamu ya mtu. Likizo yake na yangu hazikuwahi kukutana. Kila tukizungumza alinitania kwamba mimi nawaonyesha watu wa mbali mji mzima na yeye, ndugu yangu, ameona ghala na lori. "Siku moja nitembeze na mimi," alisema. "Nivae miwani ya jua, niulize maswali ya kijinga."

Basi lile lilikuwa linaelekea mji mkongwe. Ilinibidi nishukie huko nichukue treni. Ndege ya Peninah ilikuwa bado sana. Shangazi alisema nisisimame njiani, lakini shangazi hajawahi kufika Dubai, na mimi nilijiuliza ni dhambi gani kumwonyesha mtu kitu kizuri kabla ya kwenda kulala moja kwa moja. Sikuliona kuwa kosa. Niliona ni upendo, na hata leo nashindwa kuona ni nini kingine.

"Haya, Shem, tunashuka. Karibu mji mkongwe."

Sauti ilinitoka ile ya kazi. Nilikunjua mkono nikainua mwavuli wangu juu, kama ninavyofanya ili wageni wasinipoteze, nikaingia kwenye vichochoro vya Al Fahidi. Taa zilikuwa zinaanza kuwaka ukutani, zile za rangi ya asali. Nilimwonyesha minara ya upepo juu ya mapaa. Nikamweleza jinsi zamani, kabla ya umeme, mnara uliuteka upepo ukaushusha ndani ya nyumba, watu wakalala chini yake mchana. Nikamweleza kuta za mawe ya matumbawe, na kwa nini vichochoro ni vyembamba: ili kivuli kisipotee. Nilijua Shem angeuliza ni nani aliyekuwa akifagia vumbi linaloshuka na huo upepo, nikamjibu kabla hajauliza.

Buti lilikuwa nyuma yangu. Nikisimama, linasimama. Nikienda, linakuja, polepole, la mgeni mwema asiyesukuma wenzake.

Lazima nikueleze jambo moja la kazi yetu. Kila mtembeza wageni anawajua wadandiaji. Ukisimama uanze kueleza, hakosi mtu asiye wa kundi lako atakayesogea, ajifanye anafunga kiatu au anapiga picha ya ukuta, na masikio yote yako kwako. Aliyenifundisha kazi, Martina, mama wa Moshi mwenye roho safi, alinikataza kuwafukuza. Mkaribishe, alisema, leo anasikiliza bure, kesho ataleta familia. Kwa hiyo sisi tuna neno letu, nami nimelisema mara nyingi hadi mdomo hauniombi ruhusa.

Tulifika kwenye kiwanja kidogo chenye mabenchi machache, moja la mbao chini ya mkwaju uliopogolewa. Nilitaka kumwambia habari za nyumba iliyokuwa mbele yetu. Ndipo nikasikia mtu ananiita kutoka kichochoro cha kando.

"Dada... dada mtembezaji..."

Kwa Kiswahili. Nami nilikuwa nazungumza chini kwa chini, sauti ya mtu na simu yake.

Nilifanya ninachofanya kila siku nikiwa na kundi na kukatokea jambo. "Kaa hapo kwenye benchi, mdogo wangu," nilisema. "Nisubiri, narudi." Kisha nikaenda kuona anayeita.

Alikuwa msichana mwembamba, amevaa sare ya kazi za nyumbani, ya waridi, yenye kola nyeupe. Alikumbatia mfuko wa nguo kifuani. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala. Aliniuliza kwa adabu ninawatembeza watu hadi wapi. Najua, shangazi alinikataza kuzungumza na mtu. Lakini mtu mzima amekuuliza njia, utamtazama tu? Nikamwambia namtembeza mdogo wangu, kisha uwanja wa ndege, anakwenda nyumbani.

"Nyumbani," alirudia. Alilisema neno lile polepole sana. Aliniambia yeye alifika juzi tu. Hajaona kitu. Madam alimfungia mlango, kwa hiyo alitokea dirishani.

Nilitazama dirisha gani, maana nyumba za pale ni za chini. Kisha nikatazama miguu yake. Hakuwa na viatu. Mawe yalikuwa bado yana moto wa mchana, mimi mwenyewe niliuhisi kwenye soli, na nyayo zake zilikuwa zimetulia juu yake, safi, bila vumbi.

"Naitwa Resty," alisema. "Naweza kuja?"

Ningesema hapana. Ningenyamaza. Ningekimbia. Lakini mdomo wangu una kazi yake.

"Karibu, jiunge nasi."

Alitabasamu. Hakunitabasamia mimi. Aligeuza kichwa, akatazama kwenye giza la kichochoro nyuma yake, akapunga mkono.

Akapunga kama mtu anayewaita wenzake waliobaki kwenye foleni.

Nikazisikia. Kandambili. Buti. Nyayo tupu. Mtu anaburuta mguu. Mtu anakohoa kikohozi kile cha saruji. Zilikuwa nyingi, na zilikuja bila haraka, kutoka ndani ya kichochoro ambacho najua kabisa mwisho wake ni ukuta.

Kumbuka amri ya kutogeuka. Nililikumbatia koti, nikashika njia iliyokuwa pembeni yangu, ile inayoteremka moja kwa moja hadi kwenye maji, nikisema "Twende, twende, tunaelekea kwenye maji, twende." Hatua zilikuwa nyuma yangu. Nilijiambia mojawapo ni yake. Nilijiambia Shem yuko, hao wengine watachoka.

Kwenye kituo cha abra, zile boti ndogo za kuvushia watu Khor, mkono wa bahari unaougawa mji, kwenda upande wa Deira, nililipa nauli ya watu wawili nikakaa ukingoni. Abiria walikuwa wachache. Mzee mmoja na mkewe, wapakizi wawili, basi. Kwa kawaida nahodha hang'oi boti hadi mbao za kukalia zijae. Yule nahodha, Mbengali mwenye ndevu nyeupe, alikuwa bado anaita watu. Kisha boti ikashuka.

Haikuyumba. Ilishuka tu, polepole, kama kitanda kinavyobonyea mtu akikalia, tena mwingine, tena mwingine. Maji yakapanda ubavuni hadi karibu na viatu vyangu.

Nahodha aliacha kuita. Alitazama maji. Akatazama mbao tupu kati yetu na mzee yule, akizipitia kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Vijana wawili walitaka kurukia ndani, akawazuia kwa mkono.

"Khalas," alisema. "Imejaa."

Vijana walicheka, wakamwonyesha nafasi. Hakucheka nao. Alinitazama mimi, kisha nyuma ya bega langu, akaing'oa boti, na hadi tunafika ng'ambo alikuwa anasoma kitu midomoni bila kutoa sauti.

Katikati ya maji nilivuta pumzi nitafute ile harufu ya dawa ya kuchua. Nilisikia plasta mbichi. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika sana. Dawa ya kufulia nguo, mafuta ya nywele, chuma kilichounguzwa. Harufu za kazi zote za mji huu zilikuwa zimenizunguka, ila ile moja. Nikajiambia ni upepo.

Huko ng'ambo, Al Ras, tulipita sokoni, kwenye magunia ya bizari na ndimu kavu. Saa ile wapakizi husukuma mikokoteni bila kumsamehe mtu. Ukizubaa unagongwa kisigino. Jioni ile mikokoteni ilisimama. Wapakizi waliegemea pembeni, wakaacha njia, wakangoja. Mimi nilikuwa nimeshapita lakini wao, niliwaona kwenye kioo cha duka, walikuwa bado wanangoja, muda mrefu. Mmoja wao alivua kofia.

"Shem, tunaingia stesheni," nilisema. "Shem, tunapanda treni." Milango ya treni ilifungwa, ikafunguka. Ikafungwa, ikafunguka. Mtu mmoja akasema kwa hasira kuwa kuna anayezuia mlango. Hakukuwa na mtu mlangoni.

Peninah alikuwa amesimama nje ya ukumbi wa wasafiri na kitoroli chake, amevaa viatu vipya vya kuwaonyesha watu nyumbani. Peninah ni mtu wa mzaha, hata msibani utamkuta nyuma ya jiko anachekesha. Aliniambia nimekonda, akaniuliza kama huyo jamaa ana pasipoti. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia. Nikamwekea koti mikononi.

Mikono yake ikashuka.

"Met," alisema taratibu. "Umeliloweka?"

"Ni kavu."

Alilipandisha kifuani kwa shida, kama mtu aliyepewa mtoto mkubwa aliyelala. Nyuma yangu ilikuwepo ile milango ya vioo inayojifungua yenyewe. Nilisikia ikifunguka. Hewa baridi ya ndani ikanipiga shingoni. Nilingoja nisikie ikifungwa. Haikufungwa. Askari mmoja alikuja, akaitazama juu, akapunga mkono mbele ya kile kijicho cha milango kinachotambua watu, akaitazama tena. Milango ilibaki wazi, na hewa baridi ikaendelea kutoka, na Peninah alikuwa anatazama nyuma ya bega langu huku mzaha wote ukimtoka usoni.

"Umekuja na nani?" alinong'ona.

"Na Shem."

Alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameshamjaa. Lakini alikuwa ameshalipokea koti, na akishaanza safari anayelibeba hasemi. Alisukuma kitoroli kwa tumbo, mikono yote miwili ikiwa imebeba, akaingia ndani. Milango ilikaa wazi muda mrefu baada yake. Kisha ikafungwa.

Ndipo nilipogeuka. Palikuwa na watu wa kawaida na mizigo yao. Nilijisikia mwepesi. Nilirudi chumbani, nikala wali wa jana, nikalala usingizi mzuri. Hilo linaniumiza hadi leo, kwamba nililala vizuri vile.

Kesho yake jioni mama alinipigia mwenyewe. Sauti ilikuwa na nguvu. Aliniambia amekula. Nilimshukuru Mungu kwa sauti hadi wenzangu wakageuka.

"Wamefika," akasema mama.

Nilidhani anamzungumzia Peninah na mizigo. Mama akanieleza bila haraka. Peninah aliteremka kwenye gari akiwa amelibeba koti. Shangazi Everlyn alikuwa langoni na beseni la maji. Akaita, "Shem, mwana wa Gibson, ingia kwenu." Mbwa akaamka akaenda kujificha chini ya banda la kuku. Shangazi akanyunyiza maji kwa anayeingia, kama inavyotakiwa. Akanyunyiza tena. Akaendelea kunyunyiza hadi beseni likakauka, na bado walikuwa wanaingia. Tangu hapo shangazi amelala kitandani anatazama ukuta, hajasema neno.

"Wamekaa kila mahali, mwanangu," mama alisema. "Wengine lugha yao siijui. Kuna binti ana mfuko, anasema ni wewe uliyemkaribisha. Wamechoka sana. Nimewapikia."

"Mama, wafukuze."

"Niwafukuze waende wapi? Ni watoto wa watu."

Nyuma ya sauti yake nilisikia vikombe. Vikombe vingi, vinawekwa mezani kimoja kimoja. Mama anaishi peke yake.

"Metrine," alisema. Sauti yake ikapungua, ikawa tena ile ya siku za kutokula. "Nimewatazama usoni, mmoja mmoja. Shem hayumo. Umemwacha wapi?"

Niliona benchi. Nilijisikia mwenyewe, na ile sauti yangu ya kazi, nikimwambia akae, anisubiri, narudi. Na sikurudi. Nilipomkimbia Resty nilishika njia ya maji, na njia ya maji haipiti kiwanjani. Shem hakuwahi kuwa mtu wa kusimama akiambiwa kaa. Kuanzia pale hadi uwanja wa ndege sikuwa naye hata hatua moja.

Siku iliyofuata nilikwenda Al Fahidi mara tu nilipowaaga wageni wangu. Nilimpigia mama njiani, akasema hakati, anataka kusikia. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha na vichochoro vilikuwa na watu, familia, watoto na aiskrimu zao. Kiwanjani kila benchi lilikuwa na mtu isipokuwa moja, lile la chini ya mkwaju. Mwanamke mjamzito alikuwa amesimama, ameshika kiuno, karibu nalo kabisa. Hakulikalia.

Nilisogea. Dawa ya kuchua.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kama nimemkuta stendi. Nilipiga magoti mbele ya benchi nikasahau koti halipo, nikasahau hakuna msafiri, nikasahau kila kitu alichosema shangazi.

"Shem," nikamwita.

"Naam."

Haikuwa sauti moja. Ilitoka kwenye benchi, na ilitoka nyuma yake, na kwenye kila kichochoro kinachoingia pale. Sauti za wanaume na za wanawake. Nzito, nyembamba, za watu ambao jina lile hawalijui hata kulitamka vizuri, lakini walilisikia likiitwa juzi na wakaona waliolifuata wamekwenda.

Familia zile ziliendelea kula aiskrimu. Ni yule mjamzito peke yake aliyeshika tumbo, akaondoka haraka.

Mama alikuwa amesikia. Alikuwa anapumua kwa nguvu sikioni mwangu. Akaniambia nimuulize jina alilompa akiwa mtoto, lile ambalo halijatoka nje ya jiko letu. Nami nikauliza, kwa sauti ya chini.

"Mama alikuwa anakuita nani?"

Kisha ikaja sauti moja, ya mbali, ya nyuma kabisa ya wote. Imechoka. Ina ule mkwaruzo wake.

"Mzee wa Chai."

"Ni yeye," mama alisema. "Mchukue."

Niliinuka. Kabla sijanyanyua mguu sauti nyingine, karibu zaidi, ikasema, "Mzee wa Chai." Kisha ya msichana. Kisha ya mtu aliyelisema kwa ulimi wa mbali, akijifunza. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijitahidi kulisema kama Shem alivyolisema, wakinisogelea, wakijaza ile nafasi iliyokuwa kati yangu na yeye, hadi sikujua tena alikuwa upande gani.

Nilinyoosha mkono. Baridi tupu. Nikaunyoosha tena, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mlinzi wa pale, kijana wa Nepali, alikuja akaniuliza kama nimepotea. Simu ilikuwa bado sikioni, na mama alikuwa anaendelea kuniuliza kama nimemshika.